Aliyefika Mwenyewe

Ijumaa Kariakoo haina muda wa kumjulia mtu hali. Saa nne na nusu asubuhi, pale Likoma inapokatana na Aggrey, mikokoteni ilikuwa imeshajitwalia barabara, wenye magari wamebaki na honi zao, na katikati ya vurugu hiyo walikuwa wamekwama wageni wawili, mzee wa Kingazija na mkewe, maboksi manne miguuni, wanatafuta njia ya kufika bandarini kabla boti ya Unguja haijaondoka.

"Nendeni Gerezani mkapande basi la mwendokasi, mshuke Kivukoni," Dalia aliwaambia. Alikuwa ametoka dukani kwa baba yake baada ya kuwaona wakipita hapo mara ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, baibui jeusi lililotariziwa zambarau mikononi, chini raba nyeupe pee, na udi aliojifukiza asubuhi ulikuwa bado unashindana na moshi wa pikipiki.

"Mwendokasi na maboksi manne?" sauti ya kiume ikadakia nyuma yake. "Dada, hawa watafika boti iko Unguja, inashusha abiria."

Dalia akageuka. Alimwona kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, kanzu yake ya Ijumaa imepigwa pasi mpaka imesimama yenyewe, kalamu mbili mfukoni. Wala hakuwa akimwangalia. Alikuwa ameshasimamisha bajaji na anapakia boksi la kwanza.

"Mwambieni dereva apitie nyuma huku, asiingie Msimbazi," aliwaelekeza wageni. "Mkifika kwenye sheli ya mafuta ya zamani akate kushoto. Hapo foleni mmeikwepa."

"Hiyo sheli ina alama gani, mwanangu?" aliuliza yule mzee.

"Haina alama, mzee. Ilishavunjwa. Sasa pana ghorofa la maduka ya simu."

Dalia akacheka bila kujificha. "Sasa mgeni ataijuaje sheli ambayo haipo?"

"Dereva anaijua."

"Na kama dereva naye kaja mjini juzi?"

Hapo ndipo kijana alipomtazama, na akaendelea kumtazama kuliko swali lilivyohitaji. "Wewe unaijua?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Hata mwembe uliokuwepo kabla ya sheli naujua, na sijawahi kuuona."

"Basi tatizo liko wapi?"

Bajaji ikaondoka na Wangazija wake. Wawili hao wakabaki wamesimama kando ya mtaro, kila mmoja ana kazi inayomngoja na hakuna anayeondoka.

"Unaitwa nani, wewe mwenye kujua njia zote?"

"Abubakary. Ila hapa wananiita Abuu Dunia."

"Makubwa. Dunia nzima?"

"Ulaya bado kidogo," alisema, akacheka. "Naomba namba yako."

"Ya nini?"

"Siku ukitaka kusafiri."

"Na nisipotaka kusafiri?"

"Nitakupigia nikuulize kwa nini hutaki."

Dalia akampa. Mwenyewe baadaye alijishangaa, maana watoto wa Mzee Taimur, baba yake, hawagawi namba zao barabarani, tena mchana kweupe.

Sasa huyu Abuu Dunia tumjue vizuri, kwa sababu mtaa mzima ulidhani unamjua. Ofisi yake ilikuwa meza moja na viti vitatu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo. Alikata tiketi, alijaza fomu za viza, lakini kilichomletea watu ni njia. Mkongo anayerudi Lubumbashi alikuwa akipewa pale namna ya kwenda kwa basi mpaka Tunduma, mahali pa kulala, mlango wa kuvukia Nakonde, na gari la kuunganisha mpaka Kasumbalesa. Mzambia aliyechoka na basi alielezwa siku za treni ya TAZARA. Mgeni wa Dodoma alitumwa kwenye treni ya umeme. Na mama wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou mara ya kwanza alitoka pale na karatasi inayomwambia mpaka upande wa kukaa ndani ya treni.

Na huyo bwana mwenyewe alikuwa hajavuka Chalinze. Hata Unguja alikuwa akiisikia tu. Kila mteja aliyerudi safari alimkalisha, akamnunulia soda, akamhoji: ulishukia wapi, ulipanda nini, ulilia wapi. Yote yaliingia kwenye daftari lake. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kama amefika, na yeye hakuwahi kujisemea. Jina la Dunia lilimkaa vizuri, akalivaa.

Mapenzi yao yalikuwa ya kutotulia mahali. Kariakoo yote ni macho, na nusu ya macho hayo yanamwita Mzee Taimur shemeji au mjomba, kwa hiyo hapakuwa na mgahawa wa kukaa wala benchi la kuegemea. Walichofanya ni kupanda. Walipanda mwendokasi mpaka Kimara wakarudi bila kutoka kituoni. Walipanda pantoni pale Magogoni, wakavuka Kigamboni, wakashuka, wakapanda inayorudi. Walizungumza wakiwa wamesimama, wameshika vyuma, na kila safari ilikuwa fupi mno.

"Habibi, wenzetu wanapelekwa kula kuku," Dalia alimtania siku moja pantonini, upepo ukimsumbua mtandio. "Mimi napelekwa Kigamboni na kurudishwa kama mkaa."

"Mkaa haurudishwi, kipenzi changu. Mkaa ukivuka umevuka."

"Basi mimi ni ndoo tupu."

"Wewe ni mzigo wa thamani. Hauachwi upande wowote."

Dalia akacheka, kisha akanyamaza, akaangalia meli kubwa zilizokuwa zikingoja kuingia bandarini. Kwa wiki kadhaa kuna jambo lilikuwa likimnyima raha. Duka lao liliuza mabaibui ya Uturuki. Kaka yake, Mazin, ndiye aliyekuwa akiyafuata, lakini Mazin alikuwa amehamia Maskati na mkewe. Dalia alitaka nafasi hiyo. Alijua vitambaa kuliko kaka yake, alijua wanawake wa mjini wanataka mkono wa namna gani na shingo ya namna gani, na alikuwa amechoka kukaa kwenye kiti cha dukani akisubiri mwanamume amletee vya kuuza.

"Abuu, Istanbul kukoje?"

"Kuna baridi," alijibu papo hapo. "Upepo wake wa baharini unaingia mpaka kwenye mifupa. Na paka ni wengi, wanalala madukani juu ya nguo, hakuna anayewafukuza."

"Ulifikia wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa nafasi ndefu tu, pantoni lilikuwa katikati ya maji na hakuna aliyekuwa akiwasukuma. Lakini macho ya Dalia yalikuwa yanamwangalia kama mtu anayeangalia dirisha lililofunguliwa, na Abubakary akaogopa kulifunga.

"Laleli," alisema. "Hoteli ndogo, karibu na tramu. Ile treni yao inayopita barabarani."

"Masikini mimi, unaisema kama Magomeni kwenu."

Alimbana mkono kwa furaha. Abubakary akatazama maji.

Mzee Taimur alikataa mara tatu. Mara ya nne alivua miwani, akamtazama binti yake juu ya rundo la mitandio. "Huyo anayekuelekeza njia, amefika mwenyewe au amehadithiwa?"

"Amefika mwenyewe, baba."

"Mwenyewe kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Haya. Nenda. Safari hii moja, mzigo mdogo, nikuone. Ila nikisikia umepata tabu hata moja, safari zinarudi kwa Mazin na wewe unarudi kwenye kiti. Tusije tukasumbuana tena."

Dalia alimpigia Abubakary akiwa ngazini, anahema. "Amekubali. Mpenzi, amekubali. Nimemwambia wewe umefika mwenyewe, ndilo lililomlainisha. Hakukujua jina, lakini amekuamini."

"Alhamdulillahi," alisema Abubakary. Akakaa chini kwenye kiti cha wateja, simu mkononi.

Alipanga kumwambia. Alipanga Jumatatu, akapanga Jumatano. Siku ya mwisho walikutana Kivukoni, akampa karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili. Dalia alizikunja karatasi akaziweka kwenye mkoba karibu na pasipoti, akasema, "Nitakuwa napita ulipopita wewe. Sitakuwa peke yangu." Baada ya maneno hayo ungesema nini? Labda wewe ungesema. Yeye alinyamaza, na uwanja wa ndege hakwenda kumsindikiza, kwa kuwa kule walikwenda baba na mama.

Siku ya kwanza karatasi zilifanya kazi kama dawa. Saa za Istanbul na za Dar ni moja, kwa hiyo Abubakary aliishi na Dalia hatua kwa hatua.

"Nimetoka uwanjani. Nimepanda basi kama ulivyoandika."

"Umekaa upande wa kulia?"

"Nimekaa. Naona maji. Abuu, baridi hii hukuisema yote."

"Vaa sweta la pili, mama."

"Nimevaa matatu, nimekuwa kama godoro."

Jioni alituma picha ya paka aliyelala juu ya shali dukani, akaandika, *Kweli ulifika.* Abubakary aliusoma ujumbe huo amesimama Msimbazi, watu wanampiga vikumbo, hasogei.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa na kazi. Dalia alikuwa na miadi saa nane mchana na mwenye kiwanda cha mabaibui, mtaa wa mbali kidogo na hoteli. Njia ya huko Abubakary aliipata kwa Bi Kuruthumu, mfanyabiashara wa magauni ya vijora, aliyekwenda kule miaka na miaka. Bi Kuruthumu hakusema jina la kituo. Alisema, na Abubakary akaandika kama alivyosema: *Panda tramu inayotoka mjini. Ukiona duka la viatu lenye saa kubwa juu yake, mkono wa kulia, shuka hapo hapo.* Masikioni mwa mtu wa Dar hayo yalikuwa maelekezo yaliyokamilika. Hata jina la kituo hakulitafuta.

Simu ililia saa tisa kasoro. Abubakary alikuwa na mteja mbele yake.

"Abuu, hiyo saa mbona siioni?"

"Iko juu ya duka la viatu."

"Hakuna duka la viatu. Nimefika mpaka mwisho wa njia, watu wote wameshuka. Nikapanda ya kurudi, nayo imekata kwingine. Mvua inanyesha."

"Tulia, laazizi. Uko kituo gani?"

"Jina refu siwezi hata kulitamka. Nauliza watu, hawajui Kiingereza, namwonyesha mmoja mkono hivi, saa, saa, ananionyesha yake, ni saa tisa." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Simu ina asilimia sita. Niambie kitu kingine kilichopo hapo. Msikiti? Benki? Wewe ulikuwa unashuka unaona nini?"

Mteja alikuwa anamwangalia.

"Abuu? Mara ya mwisho ulipita huku lini?"

"Dalia…"

"Lini?"

"Sijawahi kupita."

Kulikuwa na kelele za mvua upande wa pili, na honi.

"Rudia."

"Sijawahi kufika huko. Sijafika popote. Niliambiwa na watu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Aliziruka ngazi mbili mbili. Alikatiza katikati ya mikokoteni, akagonga beseni la mtu la machungwa, akaomba radhi huku anakimbia, mpaka Mtaa wa Kongo alipokuwa Bi Kuruthumu, amekaa kwenye stuli lake, amezungukwa na vijora vya kila rangi.

"Shikamoo, bibi. Kile kituo cha viwanda, chenye saa. Kinaitwaje?"

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Jina nitalijulia wapi, mwanangu? Mimi naangalia saa."

"Saa haipo."

"Haipo? Wameing'oa?" Bi Kuruthumu akashika shavu. "Ah. Lakini mimi mwenyewe ni mwaka wa tatu huu sijaenda, nguo naletewa. Kwani nani kapotea?"

Abubakary alishika kichwa kwa mikono miwili pale mbele ya watu. Ndipo Bi Kuruthumu alipoelewa kuwa aliyepotea hakuwa mteja.

"Kaa chini," alisema kwa upole. "Hapa huna cha kumsaidia. Muombee Mungu."

Hakukaa. Alitembea Kongo mpaka Mkunguni, Mkunguni mpaka Narung'ombe, akapita mbele ya duka la Mzee Taimur mara nne bila kuingia. Ujumbe aliotuma ulibaki na tiki moja. Kule, alijua, jua la Disemba linazama mapema. Magharibi iliadhiniwa, akasali na asijue amesoma nini. Saa mbili usiku simu ikatikisika mfukoni.

*Nimefika hotelini. Usinipigie.*

Alishukuru, kisha akalisoma tena neno la mwisho.

Dalia alirudi na mzigo wake baada ya siku sita. Mabaibui yalikuwa mazuri kuliko yote yaliyowahi kuletwa na Mazin, na yaliisha kabla ya wiki kwisha. Mzee Taimur alitembea na kifua mbele, kila aliyeingia akaambiwa ni chaguo la binti yake. Abubakary aliyasikia hayo kwa watu. Kwake yeye simu haikupokewa, ujumbe haukujibiwa, na alipopita dukani Dalia aliingia stoo.

Akabaki na meza yake, na ile karaha ya mtu aliyejikosesha mwenyewe. Usingizi ulimkimbia. Siku moja asubuhi alichukua daftari, akaanza ukurasa wa kwanza. Kila njia akaandika pembeni imetoka kwa nani, alikwenda lini. Zisizokuwa na jina la kituo akapiga mstari mwekundu, akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja wamtumie picha za vibao. Na kila mteja aliyekaa mbele yake alimwambia kabla ya kitu chochote: mimi sijafika.

Wateja walipungua. Jirani yake kwenye korido ile ile, ambaye alijiita bingwa wa China, akapata wa kwake na wa Abubakary.

Ni Bi Kuruthumu, aliyekuwa ameshamjua msichana mwenyewe, aliyepeleka habari. Alikwenda dukani kwa Mzee Taimur kununua mtandio asiouhitaji, akamvuta Dalia pembeni. "Kijana wako siku hizi anamwambia kila mtu hajafika popote. Anajiharibia riziki. Sijui ni uchizi au ni toba."

"Si kijana wangu, bibi."

"Haya. Si wako. Nifungie mtandio wangu."

Jumanne iliyofuata, saa tano, Dalia alipanda ngazi za duka la vyombo. Alivaa baibui la kijivu na raba zake zile zile. Kulikuwa na mteja, akakaa kiti cha nyuma. Abubakary alimwona, kalamu ikamponyoka, lakini hakumkatiza mtu aliyekuwa akimhudumia.

"Mimi mwenyewe Guangzhou sijafika, kaka," alikuwa anasema. "Hii njia kanipa mama mmoja aliyerudi mwezi wa kumi. Jina la kituo ni hili, na hii ni picha ya kibao chake. Ukifika ukakuta pamebadilika, uliza, usiniamini mimi."

"Kumbe hujafika?" Mteja alisogeza kiti. "Si ndiye Dunia wewe?"

"Jina tu hilo."

Yule bwana akachukua bahasha yake, akahamia kwa jirani. Dalia akasogea kwenye kiti kilichoachwa, kingali na joto.

"Wateja wanakukimbia."

"Wanakimbia."

"Na bado unawaambia."

"Nilitakiwa nianze na wewe, Dalia. Nilikuogopa. Uliniona mtu mkubwa, nikapenda kuonwa hivyo. Sina maelezo mengine."

Dalia alikuwa amejiandaa kumkaripia, njia nzima alikuwa akipanga maneno. Sasa akayaacha.

"Unajua kilichoniuma? Si kupotea. Kupotea nilipotea, nikalia, nikaonyesha kadi ya hoteli kwa mama mmoja, akanishika mkono, akanipandisha tramu, akanifikisha mpaka mlangoni. Kesho yake nikafika kiwandani mwenyewe. Kilichoniuma, baba alikuwa amepiga nikiwa sipatikani. Nikamwambia nilisinzia nikapitiliza kituo. Mimi sijawahi kumdanganya baba yangu, Abuu. Nimemdanganya kwa ajili ya karatasi zako. Sasa anataka nirudi Januari nikachague mzigo wa Ramadhani, kila akiutaja nakimbilia stoo."

"Twende nikamwambie."

"Akijua nilipata tabu, safari zangu zimekwisha. Nilikwambia masharti yake."

"Basi amua wewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Si haki yangu kukupoteza tena."

Dalia alitazama dirishani. Chini mikokoteni ilikuwa imefunga barabara, mtu anatukanana na mwenye gari la Noah. Kisha akasimama, akaweka mtandio sawa.

"Funga ofisi yako."

"Lakini nikishamwambia hilo, kuna la pili nitamwambia."

"Lipi?"

"Kwamba nakutaka. Kwa ndoa."

"Huwezi kumwambia yote siku moja, una wazimu."

"Nikiliacha moja nitakuwa nimeficha tena."

Dalia alimtazama, akataka kucheka, akashindwa kwa hofu. "Tangulia," alisema. "Mimi nitaingia nyuma yako."

Mzee Taimur alikuwa peke yake dukani, kofia iliyotariziwa kichwani, anakunja mitandio. Abubakary alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyevua viatu kwenye duka lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Akasema. Alisema jina lake, kazi yake, kwamba njia ya Uturuki ni yeye aliyeiandika, kwamba hakuwahi kufika, kwamba binti yake alipotea kwenye mvua kwa sababu hiyo. Alisema na la pili, kwa sentensi moja, macho chini. Muda wote huo mzee aliendelea kukunja. Alipomaliza mtandio wa mwisho akamgeukia binti yake.

"Hukusinzia?"

"Sikusinzia, baba. Nisamehe."

"Ulikwenda mpaka mwisho wa njia?"

"Mpaka mwisho."

"Kesho yake ukafikaje?"

"Dada wa mapokezi hotelini aliniandikia vituo vyote. Nikavihesabu kwa kidole."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mzee Taimur akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Alimtazama Abubakary tangu kichwani mpaka kwenye soksi.

"Wakati anahangaika, wewe ulikuwa wapi?"

"Mtaani hapa, mzee. Nakimbia. Sikuwa na msaada wowote."

"Hukuwa na msaada kweli." Akasogeza mitandio kando. "Na hilo la pili. Kwetu mtu hajiposei. Una wazee?"

"Ninao. Mama, na baba mkubwa."

"Kwenu wapi?"

Dalia, aliyekuwa ameshika ukingo wa kaunta, alisikia swali hilo akainua uso. Alikuwa ameona vijana watatu wakirudishwa na baba yake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kwao ni wapi.

"Magomeni, mzee. Makuti."

"Waje Alhamisi baada ya alasiri. Siahidi kitu. Nataka kuwaona, na nitawaambia hayo uliyoniambia, wayasikie kwangu."

"Alhamisi hii, baba?" Dalia aliuliza. "Si mapema mno? Kwa nini isiwe ya mwezi ujao?"

Mzee alikuwa ameshageukia rafu, anapanga mitandio yake.

"Mwezi ujao wewe uko safarini," alisema. "Mzigo wa Ramadhani atakwenda kuuchagua nani?"